Kinanda Kilichotengenezwa Mno

Kinanda chenyewe kilikuwa cha kuchekesha. Urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima, plastiki yake nyeupe ilikuwa imegeuka manjano, na vibonyezo vyake vilikuwa vidogo mno, kiasi kwamba kidole kimoja cha mwanamume kingeweza kubonyeza viwili bila kukusudia. Juu palikuwa na vitufe vinane vya kuchagua sauti. Cha kwanza kilikuwa piano, nayo ililia kama kijiko kwenye kikombe cha bati. Cha pili kilikuwa filimbi, na hiyo ilikuwa birika linalokaribia kuchemka. Cha nne kiliitwa fidla, na hapo hata mimi ninayesimulia sina la kusema, maana huyo alikuwa mbu, tena mbu mwenye mafua. Kilitengenezwa kiwe kichezeo cha mtoto, kiharibike baada ya mwaka mmoja, na wazazi wapumue.

Hakikuharibika. Mwalimu alikitumia darasani miaka thelathini na mmoja, akiwaimbisha watoto wa chekechea, na siku alipostaafu wakampa aende nacho nyumbani, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Sasa alikuwa na miaka sabini na sita, akiishi kwa binti yake, mshona nguo, katika chumba cha nyuma kinachotazama ua. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla kidogo kidogo. Ulianza na majina ya majirani, ukahamia kwenye siku za wiki, ukamalizia kwa watoto aliowazaa mwenyewe. Binti akawa anaitwa "shangazi" na mama yake mzazi. Kitinda mimba, mtoto wake wa kiume, akawa anaitwa "bwana", kwa adabu zote, kana kwamba ni mkaguzi aliyekuja kukagua shule.

Isipokuwa kinanda kikilia. Ndiyo maana huyo kitinda mimba alipita pale kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akakiweka kinanda magotini, akabonyeza kitufe cha filimbi, kisha akapiga wimbo wa kupanga vitu ambao Mwalimu aliutunga mwenyewe enzi hizo:

Weka kitabu, weka kibao,
kila kitu kina kwao.

Hapo Mwalimu aliinua kichwa. Midomo ilianza, kisha sauti, kisha mikono ikaanza kukunja pindo la shuka kwa mpango. Aliimba beti zote tatu bila kukosea neno, mtu ambaye dakika tano kabla hakujua kama ameshakunywa chai. Na wimbo ulipokwisha, alimtazama yule mwanamume aliyekaa mbele yake akasema, "Kibonge, mbona umekonda hivi?"

Kibonge! Jina la utotoni, la wakati mashavu yake yalipokuwa mali ya kila mgeni aliyeingia nyumbani. Siku hizi alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, ana mvi kidevuni, na hakuna mtu aliyebaki na ruhusa ya kumwita hivyo. Zile dakika saba au nane baada ya wimbo zilikuwa zake peke yake. Mama alimjua. Alimuuliza kama amekula, akamgombeza kwa kola chafu, akamwambia aoe kabla hajaota kutu. Halafu akili ilijifunga tena, akarudi kuwa bwana. Lakini alikuwa ameshapata chake, na siku nzima ilimwendea vizuri.

Kazini walimwita Sikio. Alikuwa fundi wa sauti katika studio ya kurekodi, na sifa zake zilivuma mji mzima. Watu arobaini wangesimama waimbe kwa pamoja, yeye angemnyooshea kidole mmoja, mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, kwamba sauti yako iko chini kidogo ya noti. Na ilikuwa kweli. Watu wenye masikio ya namna hiyo ni taabu kuishi nao. Mlango ukikwaruza, wanakwambia ungekwaruza vizuri zaidi kama ungepandishwa kidogo.

Na kinanda cha Mwalimu kilikuwa chini. Kilitoka kiwandani kikiwa hivyo, kila kibonyezo kinatoa sauti isiyo yake wala ya jirani yake, sauti iliyoanguka katikati. Sikio aliisikia kasoro hiyo kila asubuhi, ikamkereketa, akavumilia kwa sababu mama alikuwa anaimba.

Siku moja kikazimika katikati ya ubeti wa pili. Mwalimu akaendelea na maneno mawili peke yake, akanyamaza, akageukia ukuta.

"Betri?" dada yake aliuliza kutoka mlangoni, pini amezibana mdomoni.

"Si betri. Pale betri zinapokaa pameshika kutu. Naenda nacho studio, kesho nakirudisha."

"Toa kutu, basi. Usiguse kingine."

"Dada, mimi ni fundi."

"Ndiyo maana nakwambia."

Kutu yenyewe ilimchukua dakika kumi. Alikwangua, akafuta kwa spiriti, akalehemu waya mmoja uliokuwa umelegea, kinanda kikawaka. Angefunga kifuniko akaenda zake, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini kwa ndani, karibu na spika, aliiona skrubu ndogo ya kupandisha na kushusha sauti ya kinanda kizima. Hapa ndipo ninapotamani ningekuwepo nimshike mkono.

Katika ufundi wao kuna jambo moja linalofundishwa siku ya kwanza: kabla hujaizungusha skrubu yoyote, weka alama pale ilipokuwa. Kistari kimoja cha kalamu, basi. Sikio alilijua hilo kuliko alivyojua namba yake ya simu. Ila alama huwekwa na mtu anayedhani huenda atarudi alikotoka, na yeye hakudhani. Kitu kilikuwa kimepinda, anakinyoosha. Nani tena atataka kurudi kwenye kupinda? Akashika bisibisi, akazungusha taratibu, jicho kwenye kipimo cha noti cha simu yake, mpaka taa ya kijani ikawaka. Akapiga wimbo wa kupanga vitu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliusikia umekaa sawasawa, na machozi ya furaha yakamlengalenga. Alijiambia kwamba amempa mama yake zawadi.

Asubuhi yake alikaa kwenye kigoda, akabonyeza filimbi, akapiga. Mwalimu hakuinua kichwa.

Akapiga tena, polepole. Mwalimu akajivutia shuka mpaka kidevuni.

"Bwana," akasema kwa upole, "kuna mtoto anachezea vitu vya watu huko. Mwambie aache."

"Ni wimbo wako, Mama. Weka kitabu, weka kibao..."

"Hapana. Huo siujui."

Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu akaziba masikio. Siku ya nne Sikio alipoingia na kinanda mkononi, mama yake alianza kulia hata kabla hajakaa, na dada yake akamtoa nje kwa kumshika ukosi.

"Umekifanya nini?"

"Nimekinyoosha tu, Dada. Kilikuwa chini."

"Nani alikwambia kimepinda? Yeye alilalamika?"

Sikio akakigeuzageuza kinanda mikononi.

"Basi kirudishe kilivyokuwa. Wewe si fundi?"

Hapo ndipo alipopigwa na butwaa, maana hakujua kilikuwaje. Alijua kilikuwa chini, lakini chini kiasi gani? Ile skrubu ukiigusa tu kidogo, kinanda kizima kinahama. Na lile sikio lake lenye sifa, lile la mstari wa nyuma wa tatu kutoka kushoto, halikuwa na kumbukumbu yoyote ya kumsaidia. Miaka yote hiyo alipokuwa akisikia kinanda cha mama yake, alikuwa akikisahihisha kichwani papo hapo. Aliisikia kasoro, sauti yenyewe hakuisikiliza hata siku moja.

Akaanza kubahatisha. Kila asubuhi aliizungusha skrubu mahali papya, akaingia chumbani na roho juu. Hakuweza kujaribu zaidi ya mara mbili kwa siku, kwa sababu Mwalimu alichoka upesi, na akichoka alilia. Mara moja alidhani amepatia, mama aligeuza shingo kidogo. Kumbe alikuwa anamtazama paka uani.

Akafikiria rekodi. Aliingia studio siku ya mapumziko, akafungua hazina yote ya kazi yake ya miaka kumi na moja. Alikuta matangazo ya sabuni, mahubiri, hotuba za harusi za watu asiowajua, mwanamke mmoja anayecheka kwa dakika nne ili watu wa redio wachague kicheko kinachowafaa. Alikuwa amerekodi hata mvua kwenye bati. Mama yake hakumrekodi hata kwa sekunde moja. Alikuwa karibu, alikuwa yupo tu, na mtu aliyepo tu nani anamwekea maikrofoni? Sikio aliinamisha kichwa mezani, akalia kwa kwikwi, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anamsikia.

Siku zikaenda. Mwalimu alikuwa anapungua. Aliacha kwenda dirishani, akaacha kuuliza habari za chai, akawa analala mpaka jua linafika katikati ya ua. Sikio alipita asubuhi kama kawaida, bila kinanda, akamsalimia, akaitikiwa "karibu, bwana", akamnywesha uji kwa kijiko. Alikuwa anaogopa jambo moja tu, nalo hakumwambia mtu: kwamba mama yake ataondoka duniani bila kumwita Kibonge tena, na mkosaji ni yeye.

Katika wiki ya tano sinki la jikoni likaziba. Dada akamwita fundi bomba, mwanamume mmoja mnene, mcheshi, aliyejaa pale chini ya sinki mpaka ikaonekana miguu tu. Sikio alikuwa mezani anamalizia chai. Fundi alizibua, akafungua maji, akaridhika. Kisha akaanza kurudisha spana zake mkobani, moja moja, huku akiimba kwa pua bila kujijua.

Weka kitabu, weka kibao...

Kikombe kilimponyoka Sikio.

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Wimbo gani?" Fundi bomba akafikiri, akacheka. "Ah, huu! Wa chekechea. Mimi nikipanga vifaa unatoka wenyewe. Mke wangu ananicheka kila siku."

"Mwalimu wako yupo chumba cha pili hapo."

Yule mtu mnene alisimama akajifuta mikono mara tatu. "Mwalimu? Yu hai? Huyo ndiye aliyenifundisha kushika penseli, kaka! Nilikuwa naishika kama jembe."

"Hebu uimbe tena."

"Mimi siimbi, kaka. Mimi nazibua."

"Uimbe tu. Usifikirie. Panga spana zako."

Fundi bomba akamwaga spana sakafuni, akaanza kuzirudisha, akaimba. Nywele zikamsimama Sikio. Yule mtu alianzia palepale alipoanzia mwanzo: si kwenye kibonyezo hiki wala kile cha pili yake, bali katikati, kwenye ule upenyo ambao vinanda vizima vya dunia nzima havina. Hakuwa mwimbaji, hakujua sauti ya juu wala ya chini. Alikuwa amekihifadhi kinanda cha Mwalimu kooni mwake tangu ana miaka mitano.

Sikio akatoa simu akamrekodi. Kisha akamkamata asiondoke mpaka ataje wenzake wote aliosoma nao. Fundi bomba alimtaja muuza dawa wa barabara ya pili, na muuza dawa akamtaja karani wa mahakama, na karani akawataja ndugu wawili wa kike wanaouza vigae. Sikio akawapitia mmoja mmoja, na kila mahali alisema maneno yaleyale: samahani, mimi ni mtoto wa Mwalimu, naomba uimbe ule wimbo wa kupanga vitu, usifikirie. Watu walimtazama juu mpaka chini. Halafu nyuso zao zikabadilika, wakaimba. Karani alifunga mlango wa ofisi kwanza. Dereva mmoja wa lori aliimba kwa simu kutoka njiani, akamaliza beti tatu, akasema, "Mwambie nilikuwa nauma wenzangu, lakini niliacha."

Aliwapata kumi na mmoja. Mmoja alikuwa mvuta sigara, sauti imekwisha. Wa pili aliusahau wimbo katikati. Wa tatu alikuwa mwimbaji wa kwaya aliyesomea muziki, na huyo aliimba sawasawa kabisa, bila kosa lolote, akawa hana faida hata kidogo. Waliobaki wanane wote waliangukia kwenye upenyo uleule. Sikio alikaa studio akisikiliza sauti zao, za waliokonda na walionenepa, na kwa mara ya kwanza alikisikia kinanda kilivyokuwa. Hakikuwa kimepinda. Kilikuwa na sauti yake, na mtaa mzima wa watoto ulikua ndani ya sauti hiyo. Aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni.

Akaizungusha skrubu mpaka ikakutana na wale wanane. Akaazima rangi ya kucha ya dada yake, akaweka nukta nyekundu. Ilikuwa wiki ya saba.

Asubuhi hiyo dada yake aliacha cherehani akaja kusimama mlangoni. Mwalimu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho nusu wazi, mikono imelala juu ya shuka. Hakuwa amesema neno tangu juzi. Sikio akakaa kwenye kigoda. Kidole chake kikabonyeza viwili kwa pamoja, akaomba radhi kwa hewa, akaanza upya.

Birika likalia. Weka kitabu.

Mwalimu alifungua macho. Alisikiliza mstari wa kwanza wote. Kwenye wa pili midomo ikacheza bila sauti, na kwenye wa tatu sauti ikatoka, nyembamba, ya kukwaruza, imekaa barabara juu ya kinanda. Mikono ikaamka, ikatafuta pindo la shuka, ikaanza kukunja. Dada alijiziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakishona. Mwalimu aliimba beti zote tatu. Hakuacha neno.

Wimbo ukaisha. Sikio akakiweka kinanda chini, akajisogeza mbele, akangoja. Mama yake alimtazama usoni kwa muda mrefu, akatabasamu, yale macho yakiwa yamechangamka kama ya zamani.

"Umemaliza kupanga vitu vyako?"

"Nimemaliza, Mama."

"Usiniite mama, mwanangu. Niite Mwalimu." Akanyoosha mkono, akamnyanyua kidevu kwa kidole kimoja, akamchunguza. "Wewe unaitwa nani vile?"

Sikio alifungua mdomo. Jina lilikuwa hapo hapo, fupi, rahisi, angeweza kumpa tu. Lakini hakutaka kumwazima. Alitaka litoke kwake, kama lilivyokuwa likitoka. Akamtazama kwa macho ya kuomba.

"Haya, usiseme kama unaona haya," Mwalimu akasema. Akageuka kutazama dirisha, ua mtupu, akarudisha macho. "Wenzako wote wameshachukuliwa. Mama yako amechelewa leo."

Wiki saba. Alizihesabu palepale, kigodani, siku moja moja. Wiki saba alizomnyima kwa bisibisi, na ndani ya wiki hizo Kibonge alikuwa ameondoka, na kinanda hakikuwa na njia ya kumrudisha. Machozi yakamtoka hadharani, yakashuka kwenye zile mvi za kidevuni, juu ya kidole cha mama yake.

"Aaa, usilie. Usilie, mwanangu. Atakuja." Mwalimu alimfuta kwa pindo la shuka, kwanza jicho hili, kisha lile, kwa mkono uliofuta maelfu. "Mama hawezi kukusahau. Kuna kazi imemshika njiani tu. Unataka nikae na wewe mpaka aje?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema.

"Basi kaa hapa karibu. Mimi siondoki."

Akateremka kigodani akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Mama yake akamwekea mkono kichwani, na wote wawili wakautazama mlango, wakimsubiri.